Vibete Vyeupe na Milipuko Isiyofuata Kanuni

1006–1604: Nyota wageni

Mwishoni mwa Aprili 1006, kijana mmoja wa Misri, Ali ibn Ridwan, aliona upande wa kusini nyota ambayo haikuwapo kabla. Wakati huo ndiyo kwanza alikuwa ameanza masomo. Baadaye akawa tabibu mashuhuri wa Kairo, na alipoandika ufafanuzi wa kitabu cha Ptolemy aliikumbuka nyota ile. Anaeleza kwamba ukubwa wake ulikuwa mara mbili na nusu hadi mara tatu ya Zuhura, na mwanga wake ulizidi kidogo robo ya mwanga wa Mwezi. Wachina na Wajapani waliiandika pia, na watawa wa St. Gallen, Uswisi, waliiona ikichungulia chini kabisa kwenye upeo wa kusini. Kwa watu wa Shanga, kisiwani Pate, nyota hiyo ilipanda juu zaidi kuliko ilivyopanda Kairo, kwa sababu ilikuwa nyota ya anga la kusini. Katika historia yote iliyoandikwa hakuna nyota ya usiku iliyopata kung'aa kuishinda.

Mwaka 1181 akaja mgeni mwingine, safari hii hafifu. Wachina na Wajapani walimfuatilia kwa siku 185 mpaka akatoweka.

Jioni ya 11 Novemba 1572, Tycho Brahe, kijana wa miaka 25 kutoka ukoo wa kifahari wa Denmark, alikuwa akirudi nyumbani kwa mjomba wake kwa chakula cha jioni, akitokea kwenye maabara. Alipoinua macho aliona katika kundinyota la Cassiopeia nyota asiyoijua, naye anga lile alikuwa analijua tangu utotoni. Aliwauliza watumishi waliofuatana naye kama na wao wanaiona. Hakuridhika, akawauliza na wanakijiji waliokuwa wakipita na gari lao. Wote wakasema naam, wanaiona. Ndipo alipoanza kupima, usiku baada ya usiku, kama nyota ile inasogea ukiilinganisha na majirani zake. Haikusogea. Kwa hiyo ilikuwa mbali kupita Mwezi, katika eneo ambalo wasomi wa Ulaya waliomfuata Aristotle walishikilia kwamba halibadiliki kamwe. Mwaka 1604 Johannes Kepler, akiwa Prague, aliifuatilia nyingine ya aina hiyo, na tangu hapo hakuna supanova, yaani nyota iliyolipuka, ya galaksi yetu iliyoonekana wazi kwa macho matupu.

Nimeiruka makusudi ile ya 1054, iliyo maarufu kuliko zote, kwa sababu ilikuwa kitu kingine: nyota kubwa iliyoporomoka kitovuni. Hizi nne, za 1006, 1181, 1572 na 1604, zilikuwa vibete vyeupe. Hakuna kati ya walioziona aliyejua kwamba kuna kitu kama hicho duniani wala mbinguni.

1844–1925: Nyota nzito mno, nyota angavu mno

Mwaka 1844 Friedrich Bessel, akiwa Königsberg, alitangaza kwamba Shira, nyota angavu kuliko zote za usiku, inayumba katika mwendo wake. Kulikuwa na kitu kizito kinachoivuta, kisichoonekana. Tarehe 31 Januari 1862 Alvan Graham Clark, mtoto wa fundi wa lenzi wa Massachusetts, alikuwa akijaribu lenzi mpya waliyoitengeneza, akaona nukta ndogo pembeni mwa Shira. Ndiye mwenzi aliyetafutwa.

Shida ilikuja mwaka 1915, Walter Adams alipoichambua nuru ya nukta hiyo huko Mount Wilson, California. Nyota ilikuwa na joto kali na rangi nyeupe, ilhali mwanga wake ulikuwa kidogo sana. Maana yake ilikuwa moja tu: ni ndogo mno, kiasi cha Dunia hivi, huku tungamo lake likikaribia la Jua. Kijiko kimoja cha chai cha maada ya nyota hiyo kingezidi tani 10. Mwaka 1922 Willem Luyten aliziita nyota za jinsi hii vibete vyeupe, na jina likakaa.

Upande mwingine kabisa, mwezi Agosti 1885, Ernst Hartwig aliona nyota mpya katikati ya wingu la Andromeda akiwa Dorpat, mji wa Estonia ambao leo unaitwa Tartu. Ilikaribia kuonekana bila darubini, kisha ikafifia upesi. Wakati huo wengi walidhani Andromeda ni wingu dogo lililo ndani ya galaksi yetu, kwa hiyo hawakuona ajabu kubwa. Mwaka 1920, Harlow Shapley na Heber Curtis walipojadiliana Washington kuhusu ukubwa wa ulimwengu, nyota ile ilikuwa hoja ya upande wa Shapley: kama Andromeda ni galaksi nyingine iliyo mbali, basi nyota moja ingekuwa imetoa mwanga usiosadikika. Miaka michache baadaye Edwin Hubble alionyesha kwamba Andromeda ni galaksi nyingine kweli. Mwanga usiosadikika ukawa jambo la kusadikiwa.

Hapa ndipo ninapoona historia yenyewe inaanza. Supanova ya kwanza kuonekana katika galaksi nyingine ilikuwa yenyewe ya ajabu: nyekundu kuliko wenzake na ya haraka kufifia. Wataalamu hadi leo hawaiweki kwenye kundi la kawaida. Elimu hii tangu mwanzo imesukumwa mbele na nyota zilizokataa kufanana na nyingine, ingawa waliozichunguza walichelewa kulikubali hilo.

1930–1935: Kikomo

Mwishoni mwa Julai 1930 meli iling'oa nanga Bombay ikiwa na Subrahmanyan Chandrasekhar, kijana wa miaka 19 aliyepata ufadhili wa kusoma Cambridge. Safarini alifanya hesabu. Ralph Fowler alikuwa ameshaeleza mwaka 1926 kinachokizuia kibete cheupe kisijiporomokee: elektroni mbili haziwezi kukaa katika hali moja, kwa hiyo ukizibana husukumana, na msukumo huo hautegemei joto. Chandrasekhar alijiuliza: elektroni zikibanwa hadi zikakaribia kasi ya nuru, hesabu ya Fowler itabaki kuwa sahihi? Alipoingiza nadharia ya Einstein, akakuta kikomo. Kibete cheupe chenye tungamo linalozidi kiasi fulani, ambacho leo tunakitaja kuwa mara 1.4 ya Jua, hakiwezi kusimama. Ni haki kuongeza kwamba Edmund Stoner wa Uingereza na Wilhelm Anderson wa Tartu, mji uleule wa Hartwig, nao walikuwa wamelifikia wazo hilo katika miaka hiyohiyo.

Tarehe 11 Januari 1935 Chandrasekhar alisimama mbele ya mkutano wa Royal Astronomical Society, London, akaeleza kazi yake iliyokamilika. Baada yake akasimama Arthur Eddington, mwanafalaki mwenye sauti kubwa kuliko wote Uingereza. Alisema lazima kuwe na sheria ya maumbile inayoizuia nyota isifanye upuuzi kama huo. Ukumbi ukacheka. Eddington alikuwa akimtembelea kijana huyo chumbani kwake Cambridge mara kwa mara, akimwuliza hesabu zinaendeleaje, na hakumdokezea hata siku moja kwamba atampinga hadharani. Tendo hilo halina utetezi. Chandrasekhar alihamia Marekani, akageukia mada nyingine, na mwaka 1983 alipewa Tuzo ya Nobel.

1934–1969: Mwanga unatoka wapi

Mwaka 1934 Walter Baade na Fritz Zwicky, wakiwa California, walitenganisha nyota mpya za kawaida na zile za mwanga mkubwa kupindukia, ambazo Zwicky alianza kuzisaka galaksi hadi galaksi kwa darubini ndogo ya Palomar. Mojawapo aliyoipata mwaka 1937 ilimpa Baade muda wa kutosha wa kupima inavyofifia, na aliona utaratibu wa kushangaza: baada ya wiki za mwanzo mwanga ulipungua kwa uwiano uleule kila kipindi. Mwaka 1941 Rudolph Minkowski aligawa supanova mafungu mawili kwa kuchambua nuru yake. Fungu la kwanza halikuwa na hidrojeni, la pili lilikuwa nayo. Fungu la kwanza ndilo lililokuja kugawanywa tena katika miaka ya 1980, na la vibete vyeupe likaitwa Ia.

Mwanga unaopungua kwa uwiano uleule ni tabia ya vitu vyenye mionzi, na mwaka 1956 Baade na wenzake, akiwemo Fred Hoyle, walidhani wamempata mhusika: kaliforniamu-254, isotopu iliyogunduliwa katika mabaki ya bomu la hidrojeni ambalo Marekani ililijaribu mwaka 1952 katika Bahari ya Pasifiki. Muda wake wa kupungua nusu, kama siku 60, ulikaribiana sana na wa nyota ya Baade. Kulingana huko kuliwapoteza.

Mwaka 1960 Hoyle na William Fowler wakaeleza kiini cha mambo. Nyota ya kawaida ikizidi joto hutanuka, na ikitanuka hupoa, hivyo mwako wake hujirekebisha wenyewe. Kibete cheupe hakiwezi. Msukumo wa elektroni zake hautegemei joto, kwa hiyo kaboni ikianza kuungana katika kiini chake, joto hupanda, muungano huongeza kasi, joto hupanda tena, na nyota haitanuki hata kidogo mpaka muda umekwisha. Katika sekunde chache nyota yote huwa imeungua.

Kilichobaki ni jivu la moto huo. Titus Pankey wa Chuo Kikuu cha Howard, Washington, alipendekeza katika tasnifu yake ya 1962 kwamba chanzo cha mwanga ni nikeli-56, na mwaka 1969 Stirling Colgate na Chester McKee walionyesha kwa hesabu jinsi inavyofanya kazi. Nikeli-56 hupungua nusu kila baada ya siku 6 na kuwa kobalti-56. Kobalti hiyo hupungua nusu kila baada ya siku 77 na kuwa chuma. Mwanga hupungua haraka kuliko siku hizo 77 kwa sababu mawingu yanavyotawanyika, sehemu ya mionzi hutoroka bila kuyapasha joto. Supanova ya kawaida ya kibete cheupe hutengeneza nikeli yenye tungamo la takribani mara 0.6 ya Jua. Sehemu kubwa ya chuma kilichomo ulimwenguni, pamoja na kile kilicho katika damu yetu, ilitengenezwa hivyo.

1973–1991: Mwenzi ni nani, na moto huendaje

Kibete cheupe kikiwa peke yake hupoa tu, kwa mabilioni ya miaka, bila kulipuka. Lazima kiwe na mwenzi. John Whelan na Icko Iben walipendekeza mwaka 1973 kwamba mwenzi ni nyota ya kawaida iliyovimba, ambayo gesi yake humiminikia kibete mpaka kikakaribia kikomo cha 1.4. Mwaka 1984 Iben na Aleksandr Tutukov, na mbali nao Ronald Webbink, walitoa jibu jingine: mwenzi ni kibete cheupe cha pili. Viwili hivyo huzungukana, hupoteza nishati, hukaribiana na mwisho huungana.

Swali la moto lilikuwa gumu vilevile. Mshindo wa kasi kuliko sauti ukipita katika nyota nzima iliyoshikamana, karibu kila kitu kinageuka nikeli, ilhali nuru ya supanova inaonyesha silikoni na kalsiamu nyingi nje. Ken'ichi Nomoto na wenzake walijenga mwaka 1984 mfano wa mwako wa polepole kuliko sauti, ambao ulilingana vizuri na vipimo. Alexei Khokhlov mwaka 1991 aliunganisha yote mawili: moto huanza polepole, nyota inatanuka kidogo, kisha moto hugeuka mshindo. Kwa watafiti wengi hadithi ilionekana kukamilika. Kikomo ni kimoja, mwako ni mmoja, mlipuko ni mmoja.

1991–1998: Mwaka uliovuruga hesabu

Utulivu huo ulivunjwa mwaka huohuo. Aprili 1991 ilionekana supanova iliyoitwa 1991T, angavu kupita kiasi, ambayo mwanzoni haikuonyesha silikoni iliyotarajiwa. Desemba ikaja 1991bg, ambayo katika nuru ya buluu ilikuwa hafifu kama mara 10 kuliko ya kawaida na iliyokufa upesi. Zote mbili zilikuwa vibete vyeupe. Kama kila kibete hulipuka kikifika 1.4, tofauti hiyo inatoka wapi?

Mark Phillips, akifanya kazi Cerro Tololo, Chile, aligeuza kero hiyo kuwa nyenzo. Mwaka 1993 alionyesha kwamba zile angavu hufifia polepole na zile hafifu hufifia haraka, kwa hiyo ukipima kasi ya kufifia unajua mwanga halisi wa nyota. Mtu aliye ufukweni anayeijua karabai ya mvuvi hukadiria umbali wa ngalawa kwa udogo wa mwanga unaomfikia. Wanafalaki walipata karabai inayojulikana, inayoonekana kutoka umbali wa mabilioni ya miaka ya nuru. Mwaka 1998 makundi mawili ya watafiti, moja la Saul Perlmutter na jingine la Brian Schmidt na Adam Riess, yalitumia kipimo hicho na kukuta kwamba ulimwengu unatanuka kwa kasi inayozidi kuongezeka. Watatu hao walipewa Nobel mwaka 2011.

Yaani ugunduzi mkubwa kuliko wote wa elimu ya ulimwengu katika kizazi chetu ulisimama juu ya mlipuko ambao hakuna aliyeweza kueleza unavyowashwa.

2002–2014: Milipuko iliyoshindwa

Mei 2002 ilionekana 2002cx. Mawingu yake yalitawanyika kwa karibu nusu ya kasi ya kawaida, na mwanga wake ulikuwa hafifu huku nuru ya mwanzo ikifanana na ya 1991T, iliyokuwa angavu. Weidong Li wa Berkeley na wenzake waliiita ya ajabu kuliko zote zilizojulikana. Novemba 2008 msichana wa miaka 14 wa jimbo la New York aligundua 2008ha, iliyo hafifu zaidi: mawingu yake yalikwenda kilomita 2,000 tu kwa sekunde. Mwaka 2013 Ryan Foley na wenzake walizikusanya nyota hizi chini ya jina moja, Iax, na maelezo yaliyopata nguvu ni kwamba moto wa polepole huanza lakini haugeuki mshindo. Nyota huungua sehemu tu, na kinachobaki hakisambaratiki.

Kuna pia zilizopita kiasi upande wa pili. Supanova ya 2003fg, iliyochambuliwa na Andrew Howell na wenzake mwaka 2006, iling'aa zaidi ya mara mbili ya kawaida, na hesabu zilidai nyota yenye tungamo la mara 2 ya Jua, juu ya kikomo cha Chandrasekhar.

Wakati huohuo zile za kawaida zilifunguka. Agosti 2011 darubini ya Palomar iliinasa 2011fe, katika galaksi iliyo umbali wa miaka ya nuru milioni 21, saa chache tu baada ya kulipuka. Udogo wa mwanga wa saa hizo ulithibitisha kwamba kilicholipuka kilikuwa kidogo kama kibete cheupe. Katika picha za zamani za mahali pale hapakuwa na nyota mwenzi iliyovimba.

Tarehe 21 Januari 2014, Steve Fossey wa University College London alikuwa akiwafundisha wanafunzi kadhaa wa shahada ya kwanza kutumia darubini huko Mill Hill. Mawingu yalikuwa yanafunga anga, na ilibaki nafasi ndogo wazi. Waliielekeza darubini kwenye galaksi ya M82 kwa kuwa ilikuwa upande usio na mawingu, na pale kwenye skrini palikuwa na nyota isiyokuwapo kwenye picha za awali. Ilikuwa supanova ya karibu kuliko zote za Ia kwa zaidi ya miaka 40. Ukaribu huo uliiwezesha setilaiti ya Ulaya ya INTEGRAL kunasa moja kwa moja miale ya gama ya kobalti-56. Wazo la Pankey, Colgate na McKee likawa kipimo.

2013–2023: Mgeni wa 1181 apatikana

Kama Iax huacha masalia, masalia hayo yako wapi? Mwaka 2013 mpenzi wa anga wa Marekani, akipekua picha za setilaiti ya WISE, aliona wingu la duara katika Cassiopeia, likapewa jina Pa 30. Mwaka 2019 Vasilii Gvaramadze na wenzake walitangaza kwamba katikati yake kuna nyota isiyo na hidrojeni wala heliamu, yenye joto la takribani nyuzi 200,000, inayopuliza upepo wa kilomita 16,000 kwa sekunde. Mwaka 2021 Andreas Ritter, Quentin Parker na wenzao walipima jinsi wingu linavyotanuka, wakarudi nyuma kwa hesabu, wakafika kama miaka 1,000 iliyopita. Mahali na wakati vilielekea kwenye mgeni wa Wachina na Wajapani. Mwaka 2023 Robert Fesen na wenzake walichapisha picha za nyuzi za salfa zinazotoka katikati kwenda pande zote.

Watafiti wengi wanaona hapo vibete viwili viliungana na mlipuko haukukamilika, hivyo nyota iliyobaki bado inawaka. Wanaziita nyota zombi, na jina hilo sioni kama limepotoka.

2018–2025: Chini ya kikomo

Wazo la mshindo wa hatua mbili lilikuwepo tangu miaka ya 1980. Kibete hujivika ganda la heliamu kutoka kwa mwenzi. Ganda hilo hulipuka. Mawimbi ya mshindo huzunguka nyota, hukutana ndani na kuilipua kaboni. Kinachofanya wazo hili liwe zito ni kwamba halihitaji 1.4. Kibete chepesi kinaweza kulipuka, na tofauti za mwanga zilizosumbua tangu 1991 zinapata chanzo: vibete vya matungamo tofauti huacha nikeli ya viwango tofauti.

Mwaka 2018 Ken Shen na wenzake walitumia vipimo vya setilaiti ya Gaia kusaka wenzi walionusurika. Mwenzi wa kibete aliyekuwa akizunguka kwa kasi kubwa angefyatuka mara tu mwenziwe anapolipuka. Walipata nyota tatu zinazokwenda zaidi ya kilomita 1,000 kwa sekunde, kasi ambayo galaksi yetu haiwezi kuizuia.

Ushahidi wa wazi zaidi ulitoka katika Wingu Kubwa la Magellan, ambalo wakazi wa kusini mwa Tanzania huweza kuliona wenyewe usiku wa giza. Humo, umbali wa takribani miaka ya nuru 160,000, kuna masalia yanayoitwa SNR 0509-67.5. Mwaka 2012 Bradley Schaefer na Ashley Pagnotta walitafuta nyota mwenzi katikati yake kwa picha za darubini ya Hubble na hawakuona chochote. Julai 2025 Priyam Das na wenzake walichapisha picha za darubini kubwa ya Ulaya iliyoko Chile, na ndani ya masalia hayo kulikuwa na maganda mawili ya kalsiamu, moja ndani ya jingine, jinsi hasa hesabu za mshindo wa hatua mbili zilivyotabiri. Nyota hiyo ililipuka bila kufika kikomo cha Chandrasekhar.

Swali linalowakabili watafiti sasa ni la mgawanyo: vibete vingapi hulipuka kwa njia hii, vingapi hukaribia 1.4, vingapi huungana. Iwapo mgawanyo huo umebadilika kadiri ulimwengu ulivyozeeka, umbali uliopimwa mwaka 1998 na baada yake utahitaji kusahihishwa. Darubini ya Rubin, iliyotoa picha zake za kwanza Juni 2025 kutoka milima ya Chile, imekusudiwa kulipiga picha anga la kusini tena na tena kwa miaka 10, na inatarajiwa kunasa supanova nyingi kuliko zote zilizowahi kurekodiwa, zikiwemo zisizo za kawaida.